Kuunga Mchuzi: Maana na Asili ya Neno Moja la Wapishi wa Kifaransa



Maongezi yetu ya leo ni juu ya neno moja litumiwalo na wapishi wa Kifaransa. Neno hilo huandikwa liaison, nalo hutamkwa karibu na "liezo", ila sauti ya mwisho hutokea puani. Pengine mtu aliyeketi huko Ihembe, kando ya mafiga yake matatu, atauliza, "Neno hilo lanihusu nini mimi?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu mapema. Lamhusu sana, kwa kuwa kazi itajwayo na neno hilo hufanyika kila siku katika chungu chake, na jina la kazi hiyo analo kinywani tangu utotoni. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini jambo hili lastahili kusemwa. Vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, huondoka nyumbani kwenda Mwanza, Arusha, Dar es Salaam au Unguja kutafuta kazi katika hoteli. Katika majiko ya hoteli kubwa maneno mengi ya kazi ni ya Kifaransa, hata kama mpishi mkuu ni Mtanzania, Mhindi au Mwingereza. Kijana husikia maneno hayo, huyaandika katika daftari, na huyakariri kama mtu akaririye dawa ya siri. Kisha husema moyoni, "Kumbe kwetu hatukujua kupika, tulikuwa tukichemsha tu." Fikira hiyo ina hasara mbili. Ya kwanza, si ya kweli. Ya pili, humfanya mtu aliache jambo jema la mama yake bila kulichungua, na hasara hii ya pili huwafikia hata watoto wadogo, kama nitakavyoonyesha kabla ya kumaliza.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, lugha ya dola ya Warumi wa kale. Katika Kilatini kulikuwa na kitenzi ligare, maana yake kufunga kwa kamba, kushikanisha. Kitenzi hicho kilipopita katika vinywa vya watu kwa karne nyingi, kilipunguka sauti kikawa lier katika Kifaransa, na maana yake ikabaki ile ile. Kutokana na lier likatoka jina liaison, yaani tendo la kufunga vitu pamoja, au kile kitu chenyewe kinachovifunga. Kitenzi hicho hicho cha Kilatini kilizaa pia neno ligament, ambalo madaktari wa Ulaya hulitumia kwa zile kano ngumu zinazoshika mfupa kwa mfupa katika goti na kiwiko. Naomba mliweke akilini neno hilo la kiungo cha mwili, maana tutalirudia.

Sasa, katika jiko, kitu gani hufungwa? Mchuzi wowote una maji ndani yake, na mara nyingi una mafuta. Maji na mafuta hayapendani. Ukiyatia pamoja katika chungu, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, na chembe za nyama au za mboga huzama peke yake. Mwenye kula hupata mchuzi mwembamba unaokimbia katika sahani, na ladha yake haikai juu ya chakula. Basi mpishi hutafuta kitu cha tatu kitakachovishika hivyo viwili ili viwe kitu kimoja kizito, chenye rojo, kinachokaa juu ya chakula na kukivika ladha. Kitu hicho cha tatu ndicho Wafaransa wakiitacho liaison.

Watu wa Karagwe, kwa kuwa ni wafugaji wa ng'ombe tangu kale, wanao mfano wa jambo hili usiohitaji kitabu. Maziwa ni nini? Ni mafuta yaliyotawanyika katika maji kwa matone madogo mno, yakishikwa yasikusanyike. Hiyo ni liaison iliyofanywa na ng'ombe mwenyewe. Mama anapoyatia maziwa katika kibuyu na kuyasukasuka, huivunja kamba ile. Matone ya mafuta hugongana, hushikamana yenyewe kwa yenyewe, na siagi hutengana na maji. Kwa hiyo mtu aliyesuka maziwa amekwisha kujua elimu hii kutoka upande wake wa pili: anajua namna ya kufungua kile ambacho mpishi wa mchuzi hutafuta kukifunga.

Historia ya neno hili jikoni ina tarehe zake. Katika zama za kati wapishi wa matajiri wa Ufaransa walizoea kuupa mchuzi uzito kwa mkate uliochomwa na kupondwa, au kwa lozi zilizosagwa. Mwaka 1651 mpishi mmoja aliyeitwa La Varenne alichapisha kitabu kiitwacho Le Cuisinier françois, yaani Mpishi wa Kifaransa. Ndani yake mna mafundisho ya liaison za namna mbalimbali za kuwekwa tayari, mojawapo ikiwa ya unga uliokaangwa katika mafuta. Waingereza nao walilichukua neno hili katika karne hiyo hiyo ya 17, na kwao lilikuwa kwanza neno la jikoni tupu. Maana nyingine zilifuata baadaye. Katika karne ya 19 lilianza kutumika kwa uhusiano wa watu wawili, na kwa kazi ya kuunganisha majeshi mawili yaliyo upande mmoja vitani. Hata leo afisa anayepeleka habari kati ya ofisi mbili, ili moja isitende kinyume cha nyingine, huitwa kwa Kiingereza afisa wa liaison. Yumkini wengi wanaolitumia jina hilo hawajui kwamba, kwa Waingereza, lilipita kwanza katika sufuria.

Wafaransa wenyewe hulitumia pia katika sarufi. Katika lugha yao herufi nyingi za mwisho wa neno hazitamkwi. Lakini neno linalofuata likianza na irabu, herufi iliyonyamaza huamka na kuyashikanisha maneno hayo mawili. Les, kwa mfano, hutamkwa "le". Lakini les amis, yaani marafiki, hutamkwa "lezami". Huko nako huitwa liaison. Jikoni, jeshini na sarufini, maana ni ile moja: viwili vilivyokuwa mbalimbali hushikwa na cha tatu.

Tuingie katika kazi yenyewe. Njia za wapishi wa Kifaransa ni nyingi, nami nitazitaja nne tu.

Njia ya kwanza ni unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi. Mchanganyiko huo huitwa roux, neno lenye maana ya rangi nyekundunyekundu, kwa sababu unga hubadilika rangi kadiri unavyokaangwa. Ukiondolewa mapema hubaki mweupe. Ukikawia huwa wa dhahabu. Ukizidi huwa wa kahawia. Kisha mchuzi humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Chembe za wanga, zikipata maji na moto upatao digrii 60 hadi 70 za sentigredi, hunywa maji, huvimba, na kuuzuia mchuzi usikimbie. Mafuta ya siagi yana kazi yake: huzitenganisha chembe zile kabla hazijapata maji, ili zisishikane na kufanya mabonge. Kila aliyepika uji anajua habari za mabonge, naye hujikinga kwa kukoroga unga katika maji baridi kwanza. Shabaha ni moja.

Njia ya pili ni siagi mbichi iliyokandwa na unga bila moto, ikatiwa vipande vipande katika mchuzi mwishoni. Njia ya tatu ni viini vya mayai, mara nyingi pamoja na malai ya maziwa. Hii ndiyo iliyo laini kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari zaidi. Mpishi hachukui viini akavimwaga katika chungu kinachotokota. Huchota kwanza mchuzi wa moto kidogo, akauchanganya na viini katika bakuli ili vizoee joto, ndipo huvirudisha chunguni, na tangu hapo mchuzi hauruhusiwi kuchemka. Ukichemka, mayai hugandamana vipande vipande na kazi yote imepotea. Njia ya nne ni damu ya mnyama, itumikayo katika michuzi ya nyama za porini.

Sasa na turudi nyumbani, katika Kiswahili chetu. Mpishi wa Kiswahili akitaka kuupa mchuzi au maharage ladha na uzito kwa tui la nazi, kwa vitunguu na mafuta, au kwa karanga zilizopondwa, husema kwamba anafanya nini? Husema anaunga. Maharage ya kuunga ni jina lijulikanalo katika kila mji wa nchi hii. Na kuunga ni nini? Ni kushikanisha kitu na kitu. Kamba iliyokatika huungwa, mfupa uliovunjika huungwa, na mchuzi nao huungwa. Vile vitu vinavyotiwa ili kuunga huitwa viungo; na viungo vilevile ni magoti, viwiko na vifundo vya mwili wa mwanadamu. Kumbukeni neno lile la Kilatini, lililozaa jina la kazi ya jikoni na pia jina la kano zishikazo mifupa. Mataifa mawili, yaliyotengwa na bahari na jangwa, yasiyoazimana neno hata moja katika jambo hili, yalitazama chungu na goti, na kila moja likatumia fikira ya kufunga kwa vyote viwili.

Lakini tusivutwe na furaha ya kufanana tukasema zaidi ya kweli. Maneno haya mawili hayalingani kipimo. Liaison ya Kifaransa ina maana nyembamba: ni kuupa mchuzi uzito na kuushikanisha. Kuunga kwa Kiswahili kuna maana pana: ni kuuleta ladha pamoja, na uzito ukawa sehemu moja tu. Mpishi wa Kifaransa hawezi kuita bizari liaison. Sisi bizari ni kiungo bila shaka. Tena yupo mtu atakayesema kwamba kitenzi kuunga na jina unga, yaani ngano au mahindi yaliyosagwa, lazima yawe neno moja, kwa kuwa unga nao huunga mchuzi. Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini kufanana kwa sauti si udugu. Mwenye kuchunguza asili ya maneno hana budi kujizuia hapo.

Kuna ushahidi mwingine ulio bora zaidi, nao watoka kwa wapishi wa pwani. Wanapopika kwa tui la nazi hukoroga bila kuacha, na humwonya mwanafunzi wao wakisema, "Angalia tui lisikatike." Tui likikatika, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini yakiwa na vijipande vyeupe. Maziwa nayo husemwa kwamba yamekatika. Neno hilo kukatika ni kinyume halisi cha kuungwa. Watu hao hawakusoma kitabu cha La Varenne, lakini lugha yao yaonyesha kwamba wameelewa sawasawa kilichotokea ndani ya sufuria: kulikuwa na kamba, nayo imekatika.

Je, Karagwe yenyewe? Chakula kikuu cha Ihembe na jirani zake ni ndizi, na ndizi hupikwa sana pamoja na maharage katika chungu kimoja. Maharage hutangulia, kwa kuwa ni magumu. Ndizi zilizomenywa hufuata. Ndizi mbichi imejaa wanga. Ikiiva polepole, sehemu ya wanga huo hutoka na kuingia katika maji ya maharage, na maji hayo huwa mazito bila mtu kutia unga wo wote. Mpishi akiongeza samli, au karanga zilizopondwa, mafuta yake hushikwa na rojo ile na kuenea chunguni kote. Hiyo ni liaison kamili, ijapokuwa hakuna aliyeipa jina la kigeni. Wala Ankole, upande wa Uganda, si mbali nasi. Huko hutengeneza mchuzi mweupe uitwao eshabwe, kwa samli, maji baridi na chumvi ya mawe, ukipigwa kwa subira mpaka mafuta na maji yakawa kitu kimoja kama malai. Mpishi wa Paris akiuona mchuzi huo atavua kofia yake, kwa maana kuyashika mafuta katika maji bila yai na bila unga si kazi ya mwanafunzi.

Wala chungu hicho si cha mahali pamoja. Ndizi asili yake ni nchi za kusini-mashariki ya Asia, nazo zilifika Afrika zamani mno. Maharage haya na karanga hizi asili yake ni bara la Amerika, navyo vililetwa Afrika baada ya safari za mabaharia wa Kireno, tangu karne ya 16. Samli ni ya ng'ombe wetu. Mabara matatu hukutana juu ya mafiga ya Ihembe, na mkono wa mama huyaunga. Kwa hiyo asione haya mtu kujifunza neno la Kifaransa, wala asijivune mno kwa kulijua. Wote tumeazima, na wote tumeunga.

Sasa nafika kwenye lile nililoahidi, habari za watoto. Nchi ya Kagera si nchi ya njaa. Migomba imejaa, na mvua kwa kawaida haikosi. Hata hivyo, uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Kagera watoto kama 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 30 katika kila 100. Inakuwaje mtoto akadumaa katika nchi ya mashamba mabichi? Sababu ni nyingi, zikiwemo magonjwa, maji machafu, na mama kuwa na kazi nyingi wakati wa ujauzito. Lakini mojawapo ni hii: mtoto hushibishwa ndizi tupu. Ndizi hujaza tumbo na kumpa nguvu ya kucheza. Lakini vitu vya kujengea mwili ndani yake ni haba, na mafuta karibu hamna.

Hapo ndipo kuunga kunapoacha kuwa urembo wa sahani. Maharage humpa mtoto vile vijenzi vya mwili ambavyo ndizi imevikosa. Karanga zilizopondwa humwongezea vijenzi hivyo pamoja na mafuta. Mafuta nayo yana kazi nyingine isiyoonekana: vitamini A iliyo katika mboga za majani mabichi, katika maboga na katika karoti haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Mama akimpa mtoto mchicha uliochemshwa kwa maji matupu, sehemu kubwa ya faida yake hupita bure. Akiuunga kwa karanga au kwa kijiko cha samli, faida hiyo hushikwa na mwili. Mafuta huunga mboga na mwili wa mtoto, kama vile kiini cha yai kinavyounga mafuta na maji.

Haya hayataki fedha nyingi. Karanga ziwe kavu na safi. Zenye ukungu zitupwe, kwa maana ukungu wa karanga una sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Zikaangwe kidogo, zipondwe, zikorogwe katika maji ya vuguvugu kwanza ili zisifanye mabonge, kisha zimiminwe chunguni polepole karibu na mwisho, moto ukiwa mdogo. Mtasikia kwamba maagizo hayo yafanana na yale ya mpishi wa Kifaransa na viini vyake vya mayai: zoesha kwanza, mimina polepole, punguza moto. Elimu ni moja.

Na kijana aliye katika jiko la hoteli, akiambiwa na mkuu wake atengeneze liaison, asitetemeke. Aseme kimoyomoyo, "Nimeambiwa niunge." Kisha ajifunze kwa bidii yale asiyoyajua bado: kipimo cha siagi na unga, rangi ya roux, joto la viini. Vitu hivyo ni ufundi wa haki, na ufundi hupatikana kwa kazi. Lakini msingi ameuleta kutoka nyumbani, hakuukuta hotelini.

Katika Kiswahili kitenzi hiki kitumikacho jikoni kimefika mbali kama ndugu yake wa Kifaransa alivyofika mbali. Tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipofanywa nchi moja, tendo hilo liliitwa Muungano, na jina hilo limo katika jina la Jamhuri yetu hata leo. Hakuna aliyecheka akasema kwamba hilo ni neno la wapishi wa maharage. Watu walielewa mara moja kwamba kuunga si kuvifanya vitu viwili vipotee. Ni kuvishika pamoja ili kila kimoja kiwe na faida kwa kingine, na kuangalia visikatike.

Basi leo jioni, chungu kitakapokuwa juu ya mafiga, huko Ihembe na penginepo, aliye na karanga azitie, aliye na samli aitie, na kijiko cha kwanza cha rojo apewe mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.